Mizani

Makambako, lori litokalo Tunduma
linapimwa mara moja.
Linapanda mizani, dereva anachungulia,
karatasi inatoka, moshi, limekwenda.

Mimi sikuwa na magurudumu.
Nilikuwa na kiwanja Lyamkena, hatua ishirini kwa thelathini,
nilichokinunua kwa viazi,
miaka kumi na tisa ya viazi, magunia ya lumbesa,
vidole vimepasuka kama udongo wa Agosti.
Nikasema: vyumba sita. Choo cha ndani.
Pango la kunilea uzeeni.

Mtendaji akanipima: barua ya mwenyekiti wa mtaa iko wapi?
Mwenyekiti yuko msibani Wanging'ombe.
Akarudi. Muhuri umebaki kwa katibu.
Katibu ameolewa Mafinga.

Bwana Mlowe, mpimaji, akaja na kamba na vijana wawili,
akaitafuta bikoni asubuhi nzima kwenye nyasi zenye umande,
akaikuta chini ya banda la nguruwe la jirani.
"Mama Tweve," akasema, "kiwanja chako kimetembea."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nguruwe nao walitaka notisi ya siku thelathini.

Ofisi ya ardhi, mlango wa bluu:
mtandao umelala.
Nikaungoja uamke.
Kwenye benchi lile nilijua majina ya watoto wa kila mngojaji,
nikafuma sweta zima, mikono miwili na kola,
la mjukuu wangu. Siku alipolivaa
lilikuwa limeshambana.

Halafu X.
Nyekundu, mbichi, kwenye msingi wangu,
rangi ikichuruzika juu ya tofali la kuchoma.
Barabara inadai hifadhi yake. Mita ngapi?
Karatasi ya ofisi hii: thelathini.
Karatasi ya ofisi ile: ishirini na mbili na nusu.
Nami nimesimama katikati, kwenye zile saba na nusu,
nchi isiyo na bendera,
na upepo wa Makambako unavyojua kusukuma
mtu asiye na ukuta.

Kwa muuza chai kuna aliyeninong'oneza:
"Faili halitembei bila viatu."
Sitajisifu. Nilikuwa nayo, elfu hamsini,
imefundikwa kwenye pindo la khanga.
Nililifundua kidogo.
Bi Kilasi wa dirisha la nne, miwani imefungwa kwa uzi,
aliitazama ile pembe ya noti
kama aliyeona nzi kwenye uji.
"Ficha hiyo, mama. Hapa pamekosekana ukurasa wa tatu.
Lete ukurasa."

Miezi saba.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni ukurasa.

Kibali kilitoka siku ya upepo. Ndani ya bajaji nikakikalia,
kisipeperuke hadi Njombe kikaombewe kibali.
Saruji ilikuwa imepanda bei mara mbili nikiwa kwenye benchi.
Vyumba sita vikawa vinne.
Choo, nashukuru, kiko ndani.

Mpangaji wa kwanza ni Aidani Mligo, fundi baiskeli.
Akalipa miezi mitatu, nikamwandikia risiti,
nikaichonga penseli, nikakata fungu la serikali
kabla sijanunua hata chumvi.
Mlangoni nikabandika masharti, kumi na moja,
kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya msingi.

Jioni moja akabisha hodi, kofia mkononi.
"Mama, naomba kupiga msumari mmoja tu ukutani.
Nitundike picha ya marehemu mama."

Nilikuwa nakunywa chai. Sikugeuka.
"Andika barua," nikasema.

Nikaisikia ile sauti, imetoka kinywani mwangu,
na mlango wake wa bluu.
Nikaweka kikombe chini, nikageuka upesi niseme
piga, mwanangu, piga hata miwili.

Kijana alikuwa keshatoa kalamu.